Nani Alilipia Maabara ya Amani

Tarehe 1 Machi 1915 manowari za Uingereza ziliufunga mwambao wote wa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Koloni lililozoea kuagiza dawa, nguo, matairi na sabuni kutoka Hamburg likabaki na kilichomo ndani ya mipaka yake tu. Askari walikuwa maelfu, wapagazi maelfu zaidi, na kwenye bonde la Pangani malaria haikuchagua mkubwa wala mdogo. Jeshi lisilo na kwinini katika nyika ile halikuwa na muda mrefu wa kuishi.

Kwinini ilikuwepo. Ilitoka Amani, mlimani, katika wilaya yetu ya Muheza, kwenye taasisi ya utafiti ambayo Wajerumani waliianzisha mwaka 1902. Nimefundisha baiolojia hapa Muheza sehemu kubwa ya maisha yangu, na kila mara wanafunzi wanaponiuliza kama nchi yenye vita au yenye shida ina sababu ya kutoa fedha kwa ajili ya sayansi, iwe ya satelaiti au ya chanjo, jibu langu naanzia mlimani hapo. Amani imepitia vita vitatu. Kila kimoja kiliikuta na mlipaji tofauti, na kila mlipaji alituachia funzo lake.

Taasisi ile haikuzuka tu. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893 na ikafika Muheza mwaka 1896. Kampuni iliyoijenga ikaishiwa fedha, na mwaka 1899 serikali ya Ujerumani ikaichukua. Bila reli hiyo hakuna mtu ambaye angepandisha vioo vya maabara na vitabu hadi kwenye misitu ya Usambara Mashariki. Baadaye, kati ya 1904 na 1910, ikajengwa reli nyembamba kutoka Tengeni hadi Sigi, ya kuteremshia magogo na kupandishia mizigo. Nyumba ya mkuu wa stesheni ya Sigi ipo hadi leo, na wageni wa hifadhi ya Amani hupokelewa hapo.

Mfano wa taasisi ulichukuliwa Java, kwenye bustani mashuhuri ya Buitenzorg ambayo leo inaitwa Bogor. Mtaalamu wa mimea Albrecht Zimmermann alitoka huko, na ndiye aliyekuwa mkurugenzi wa Amani vita vilipoanza. Walipanda mamia ya aina za miti na mazao kutoka pande zote za tropiki: kahawa, kakao, mpira, mikarafuu, midalasini, kafuri, na mikwinini ya Amerika Kusini. Wakati ule hakuna aliyejua ni mti upi utakaofaa. Walipima mvua, wakahesabu wadudu, wakakausha majani na kuyaandika majina.

Fedha zilitoka hazina ya Berlin na hazina ya koloni, na hazina ya koloni ilitoka kwa watu. Kodi ya kibanda ilianza kutozwa mwaka 1898, na asiyekuwa na rupia alilipa kwa mikono yake. Njia za Amani zilichongwa mlimani kwa majembe ya Wabondei, Wasambaa na vibarua walioletwa kutoka mbali. Kwa hiyo ninaposikia kwamba maabara ile ilikuwa mali ya Wajerumani, nakataa. Waliiongoza wao. Mlipaji mkubwa alikuwa hapa.

Vita vilipofika, kila kilichopandwa kwa subira kikaitwa kazini kwa haraka. Novemba 1914 treni zilipita Muheza zikibeba askari kutoka Moshi kwenda kuilinda Tanga, na jeshi la askari wapatao 8,000, wengi wao Wahindi chini ya Waingereza, likashindwa pale. Baada ya bahari kufungwa, Amani iligeuka kiwanda. Wataalamu waliokuwa wakichunguza vipepeo wakatengeneza sabuni, mafuta ya mbarika, kakao na unga wa kusafishia meno. Kwingineko katika koloni matairi yalitengenezwa kwa mpira wa mashamba uliochanganywa na salfa, mafuta ya magari yakakamuliwa kwenye mbata, na nguo za askari zikatiwa rangi kwa mizizi ya porini.

La maana kuliko yote lilikuwa gome la mkwinini. Hubanduliwa mtini, likakaushwa, likasagwa, ndipo dawa ikatolewa. Babu yangu mzaa mama, Mbondei wa upande wa Magila, alikuwa mmoja wa vibarua wa magome. Alituhadithia kwamba uchungu uling'ang'ania vidoleni hata ukaharibu ladha ya bada, ugali wa muhogo, na kwamba vibarua waliokuwa na homa waliyatafuna mabaki kwa siri, maana vidonge vilikuwa vya jeshi. Jeshi lile liliporudi nyuma na kupoteza kaskazini, lilibeba magome na kuyachemsha njiani. Maji yake machungu askari wa Kijerumani wakayapa jina la kamanda wao, Lettow-Vorbeck.

Waingereza waliingia Korogwe Juni 1916, na Julai wakashika Tanga na njia yote ya reli hadi kwetu. Vita vikahamia kusini. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake, wengi kwa maradhi na njaa, wanakadiriwa kukaribia 100,000. Na wapagazi wa koloni letu, wachache mno waliwahi kuonja dawa iliyotengenezwa kwa kodi zao.

Tuangalie sasa kilichofuata, kwa sababu hapo ndipo funzo la kwanza lilipo. Mshindi aliikuta maabara nzima: maktaba, vitalu, hazina ya mimea iliyokaushwa, na hata wataalamu wa Kijerumani waliobaki na kazi zao hadi vita vilipokwisha. Mwaka 1920 Amani ikakabidhiwa kwa msimamizi Mwingereza, Alleyne Leechman, bila bajeti ya kufanyia kazi ya maana. Tanganyika iliambiwa ni maskini, majirani wakasema si yao, na London ikasema kila koloni lijitegemee. Vichaka vikaingia vitaluni. Tume ya Bunge la Uingereza iliyoongozwa na William Ormsby-Gore ilizunguka Afrika Mashariki mwaka 1924, na taarifa yake ya 1925 ikalaumu vikali kuachwa kwa taasisi hiyo. Ndipo fedha zikachangwa na serikali za Afrika Mashariki pamoja na mfuko wa biashara wa dola ya Uingereza, William Nowell akaletwa kuwa mkurugenzi, na kazi ikaanza upya. Miaka kumi ilikuwa imepotea. Wakati wa vita kila mtu alikuwa na haja na Amani. Bunduki ziliponyamaza akakosekana hata wa kumlipa mtunza bustani.

Katika miaka hiyo ya Nowell ndipo alipofika Harold Haydon Storey, mchunguzi wa virusi vya mimea. Kazi yake ningependa kila mtoto wa Muheza aijue. Muhogo wa pwani yetu ulikuwa ukiugua batobato: majani yanajikunja, yanakuwa na mabaka ya njano, na shina linatoa mizizi ya kidole badala ya mizizi ya mkono. Mwaka 1936 Storey alikuwa wa kwanza pia kuueleza ugonjwa mwingine wa muhogo, wa michirizi ya kahawia, alioukuta kwenye vilima vya chini vya Usambara. Badala ya kutafuta dawa ya kunyunyizia, ambayo mkulima wa Mkuzi au Kicheba asingemudu kuinunua, yeye na mwenzake R. F. W. Nichols walitafuta damu mpya. Waliipata katika mti ambao Wajerumani waliupanda Tanga nzima kwa ajili ya utomvu, na ambao biashara yake ilianguka mwaka 1913: mpira wa Ceara, ndugu wa muhogo. Waliuzalisha mpira huo na muhogo, wakachukua watoto wao wakawazalisha tena na muhogo, kizazi baada ya kizazi, hadi wakapata mmea wenye mizizi ya kuliwa na ukaidi wa mti wa porini.

Kazi ya namna hiyo haiharakishwi. Uzalishaji mmoja hungoja mvua, maua, mbegu, kisha mwaka mzima shambani kuona nani ataugua. Ilianza miaka ya 1930, Vita Kuu ya Pili ikaikuta katikati, na haikukatwa.

Kwa nini haikukatwa? Sehemu ya jibu imo katika sheria iliyopitishwa London Julai 1940. Ufaransa ilikuwa imeanguka wiki chache kabla, na Uingereza ilikuwa ikingoja kuvamiwa. Katika mwezi huo Bunge lilipitisha Sheria ya Maendeleo na Ustawi wa Makoloni, ikitenga hadi pauni milioni 5 kwa mwaka kwa maendeleo, na fungu la pembeni la hadi pauni 500,000 kwa mwaka kwa utafiti tu. Sisemi kwamba waliandika sheria hiyo kwa kutupenda. Makoloni ya Karibi yalikuwa yamewaka migomo na ghasia, na Uingereza ilihitaji mazao na utii wetu ili ishinde. Fedha nyingi hazikutumika miaka ya mwanzo, kwa kuwa watu na meli vilikuwa vitani. Lakini fungu la utafiti lilipewa jina na kiasi chake, na waziri asingeweza kulimeza kimyakimya ndani ya gharama za bunduki. Mwaka 1945 likapandishwa hadi pauni milioni 1 kwa mwaka.

Machi 1942 Wajapani waliiteka Java, iliyokuwa ikiupa ulimwengu sehemu kubwa sana ya kwinini yake. Mikwinini ya Usambara ikakumbukwa tena, kama ilivyokumbukwa mwaka 1915. Miti hiyo ilikuwepo kwa sababu kuna watu walioilipia miaka arobaini nyuma bila kujua vita gani vitakuja. Amri inaweza kutolewa kwa siku moja, na fedha zikapatikana kwa wiki, lakini hakuna amri inayoweza kuotesha mkwinini ndani ya mwaka.

Muhogo nao uliendelea. Miaka ya 1950 mbegu za Amani zilipelekwa Ibadan, Nigeria. Mche mmoja uliochaguliwa huko, uliopewa namba 58308, ukatumiwa kuanzia miaka ya 1970 na taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, IITA, kuzalisha aina mpya za muhogo kwa ajili ya bara zima. Batobato kali ilipoifagia mihogo ya Uganda miaka ya 1990, na watu wakalala njaa, aina zilizotokana na kazi hiyo, mojawapo TMS 30572, zilikuwa kati ya zile zilizorudisha chakula mashambani. Ndani ya mizizi hiyo umo mpira wa Tanga.

Hata hivyo Amani yenyewe haikubaki na matunda hayo. Mwaka 1948 utafiti wa kilimo wa Afrika Mashariki ulihamishiwa Muguga, karibu na Nairobi, na mwaka 1950 hazina ya mimea iliyokaushwa, iliyokusanywa tangu enzi za Wajerumani, ikapelekwa Nairobi. Mtaalamu wa mimea P. J. Greenway, aliyechapisha mwaka 1937 kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili, alihama nayo. Majina aliyoyaandika aliyapata kwa wazee wa vijijini mwetu. Hilo ni funzo la pili: asiyekuwa na sauti katika kupanga fedha hana sauti katika kupanga mahali elimu itakapokaa, hata kama ndiye aliyeichangia.

Nafasi iliyoachwa ilijazwa na malaria. Kituo cha uchunguzi wa malaria chini ya Dk. Bagster Wilson, aliyekuwa akifanya kazi Tanga tangu miaka ya 1930, kilianzishwa mwaka 1949 na kikahamia kwenye majengo ya Amani, na mwaka 1954 kikawa taasisi ya malaria ya Afrika Mashariki. Wakati huo babu hakuwa na nguvu tena, lakini vijana wa kijiji chetu waliajiriwa kushika mbu usiku, mrija mdomoni, tochi mkononi.

Halafu vikaja vita vyetu wenyewe. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na taasisi zake zikaachwa bila mwenyewe. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Mabasi na malori yalichukuliwa kupeleka askari, bei ya mafuta ilipanda, na gharama ya vita ilikadiriwa kufika dola milioni 500, kwa nchi ambayo fedha za kigeni zilikuwa za kuhesabu. Kampala ilianguka Aprili 1979, na Mwalimu Nyerere akawaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Nilikuwa mwalimu kijana. Nakumbuka foleni za sabuni na chumvi, na chaki zilizokatwa vipande ili zitoshe muhula.

Katika mwaka huohuo wa 1979 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria Namba 23, iliyounda Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Amani ikawa kituo chake. Ingekuwa rahisi kusema ngojeni kwanza tulipe madeni ya vita, na hakuna ambaye angelalamika, kwa kuwa tulikuwa tukipanga foleni. Fedha zilikuwa haba, na kwa miaka mingi baadaye watafiti walitegemea sana wafadhili wa nje. Lakini kwa mara ya kwanza tangu 1902 maabara ile ilikuwa na mmiliki aliyekuwa pia mlipaji, na jina lake liliandikwa Dar es Salaam badala ya Berlin au London. Naliheshimu tendo hilo kuliko mengi yanayoimbwa kuhusu miaka hiyo.

Mavuno yake niliyaona karibu na nyumbani. Mwaka 1967, wakati wa vita vya Vietnam, serikali ya China ilianzisha mpango wa siri, Mradi 523, kutafuta dawa mpya ya malaria kwa ajili ya wanajeshi wa Vietnam Kaskazini waliokuwa wakifa misituni. Tu Youyou na wenzake walipekua vitabu vya tiba vya karne nyingi nyuma, wakaipata dawa katika mmea wa pakanga. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Ila ilibidi mtu aioneshe dunia kwamba dawa hiyo inaokoa watoto wa Afrika kuliko kwinini. Jaribio kubwa lililolithibitisha hilo, lililochapishwa mwaka 2010, lilihusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika. Hospitali Teule ya Muheza ilikuwa kati ya vituo vyake. Vifo vilipungua kwa zaidi ya moja ya tano, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza dawa hiyo kwa watoto wenye malaria kali. Chini ya mlima ambako babu yangu alibandua gome, kwinini ilipatiwa mrithi wake, na jaribio hilo lisingefanyika Muheza kama pasingekuwa na mji uliozoea kupokea watafiti, wauguzi waliofundishwa na maabara yenye historia.

Sasa nirudi kwa wanafunzi wangu na satelaiti zao. Wakati China inatafuta dawa katikati ya vita, Marekani ilikuwa vitani Vietnam na huku ikienda mwezini. Bajeti ya shirika lake la anga, NASA, ilifikia kilele mwaka 1966, kisha ikashuka, na mwaka 1970 safari tatu za mwisho za Apollo zikawa zimefutwa. Taifa tajiri kuliko yote nalo liliona jinsi vita vinavyokula fungu la sayansi.

Sisi wa mwambao anga tumeipangisha tu. Zanzibar, huko Tunguu, Wamarekani walikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya Mradi wa Mercury. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, serikali ya Karume iliwataka waondoke, na utaalamu ukaondoka nao. Malindi, kwenye jukwaa la San Marco la Waitalia, satelaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kusherehekea uhuru wa Kenya, ikawa ya kwanza duniani kuundwa kwa ajili ya kuchunguza nyota kwa eksirei. Kenya yenyewe ilingoja hadi Aprili 2023 kurusha Taifa-1, satelaiti yake ya kuangalia ardhi, na iliirusha kutoka California. Zaidi ya miaka hamsini ilipita kati ya roketi kuruka mbele ya macho yao na chombo hicho kuwa chao.

Mzazi mmoja aliwahi kuniuliza shuleni kwa nini nchi ichange fedha za satelaiti wakati zahanati haina dawa. Swali lake ni la haki, na silijibu kwa ndoto za kwenda mwezini. Namwambia kwamba dawa ya zahanati ile na muhogo wa shambani kwake vilitoka katika utafiti ulioonekana wa anasa siku ulipolipiwa, na kwamba hasara tuliyoipata mara mbili ilikuwa kulipa bila kumiliki, na kuanza bila kuendelea. Chombo kinachosoma mvua na ukame wa Usambara ni mkwinini wa wakati wetu. Siku ya haja hatutaweza kukiotesha kwa amri.

Mwaka 2006, mjini Khartoum, nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa ajili ya utafiti. Ahadi hiyo tuidai. Fungu liandikwe katika sheria kwa jina na kiasi, lisiguswe vita vikija wala ukame ukija, na lilipe mishahara ya watu wetu wakae kazini miaka mingi, kama Storey na Nichols walivyokaa na muhogo. Mwaka 1979, tukiwa kwenye foleni za sabuni na deni la vita mgongoni, Bunge letu liliweza kusema kwamba maabara ya Amani ni yetu na tutailipia wenyewe. Bunge la leo lina uwezo mkubwa kuliko lile, na halina sababu ya kuthubutu kidogo kuliko lile.